Mjadala: Je, kumfukuza meneja kumewahi kuiponya Yankees?

Tangu New York Yankees washindwe na Los Angeles Dodgers michezo minne kwa mmoja katika World Series ya 2024, yaani fainali ya ubingwa wa besiboli ya Marekani, mashabiki wengi wa timu hiyo wamekuwa wakidai kwamba Aaron Boone, aliyekabidhiwa kiti Desemba 2017 bila kuwahi kuiongoza timu yoyote, amekaa vya kutosha na sasa aondoke. Uongozi haukuwasikiliza, na Februari 2025 ulimwongezea mkataba hadi 2027. Naufungua mjadala huu kwa kupinga dai hilo, ingawa si kwa sababu ya kumpenda Boone. Kwa msomaji asiyefuatilia besiboli, meneja ndiye ambaye sisi tungemwita kocha mkuu: huvaa jezi kama wachezaji wake, hukaa nao benchini, hupanga nani atangulie kupiga na huamua mrushaji atolewe lini. Kusajili wachezaji si kazi yake, na hapo ndipo ugomvi wangu na wenzangu unapoanzia.

Niwape kwanza haki yao wanaomlaumu. Katika mchezo wa kwanza wa fainali ile, tarehe 25 Oktoba, Yankees walikuwa wakiongoza 3-2 katika awamu ya 10, ya nyongeza baada ya zile tisa za kawaida, pale Boone alipomwita Nestor Cortes, mrushaji aliyekuwa akiuguza mkono na ambaye hakuwa amecheza tangu katikati ya Septemba, akamwacha Tim Hill aliyekuwa akitumika mwezi huo wote. Cortes alimtoa Shohei Ohtani kwa mpira wake wa kwanza, Mookie Betts akaachiwa kwa makusudi aende kituo cha kwanza bila kupiga, kisha Freddie Freeman akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa ukavuka ukuta huku vituo vyote vitatu vimejaa, alama nne kwa pigo moja. Mchezo ukaisha 6-3. Uamuzi ule ulikuwa mbaya kabla hata Freeman hajainua gongo, na sioni namna ya kuutetea. Mchezo wa tano, hata hivyo, ni habari nyingine. Yankees walikuwa mbele kwa alama tano, na katika awamu moja tu Aaron Judge aliangusha mpira rahisi, Anthony Volpe akarusha vibaya, na Gerrit Cole akashindwa kukimbilia kituo cha kwanza. Wapo wanaosema uzembe wa aina hiyo hutokana na mazoezi, na mazoezi ni mali ya meneja. Nakubali kwa kiasi, lakini wachezaji hao watatu walichaguliwa na kulipwa na watu wasiokaa benchini.

Historia ya mameneja wa Yankees inaonyesha ninachomaanisha. Tuanze na Miller Huggins, aliyeshika kiti 1918 na kuipatia klabu World Series yake ya kwanza 1923. Agosti 1925, wakiwa St. Louis na timu ikiburuza mkia, Babe Ruth alifika kwenye chumba cha wachezaji uwanjani kwa kuchelewa kwa mara nyingine tena baada ya kukesha mjini. Huggins, mtu mfupi ambaye Ruth alikuwa na desturi ya kumdhihaki, alimsimamisha na kumtoza faini ya dola 5,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ruth alikwenda kulalamika kwa mwenye klabu, Jacob Ruppert, akitarajia kwamba kati ya mpigaji maarufu kuliko wote nchini na meneja wa timu iliyoshindwa, meneja ndiye angeondoka. Ruppert pamoja na Ed Barrow, aliyesimamia shughuli za klabu, walisimama na Huggins, na Ruth akalazimika kuomba radhi ndipo arudi uwanjani. Ubingwa wa dunia ulifuata 1927 na 1928. Sifa za Huggins ni za kweli, lakini asingekuwa na Ruppert nyuma yake, historia ingemkumbuka kama meneja aliyejaribu kumtia adabu Ruth akafukuzwa.

Ndiyo maana simfahamu vizuri mtu anayewapanga mameneja wa Yankees kwa idadi ya vikombe kana kwamba kila mmoja alifanya kazi peke yake. Joe McCarthy alishinda World Series saba kati ya 1932 na 1943, Casey Stengel naye saba kati ya 1949 na 1958, tano za kwanza zikiwa mfululizo. Nyuma ya McCarthy alikuwapo Barrow yuleyule. Nyuma ya Stengel alikuwapo George Weiss, aliyeanza 1932 kuijengea klabu mtandao wa timu za chini za kulea vijana. Stengel kabla ya hapo alikuwa ameongoza Brooklyn na Boston kwa misimu tisa bila kumaliza juu ya nafasi ya tano hata mara moja, na baada ya hapo aliwaongoza Mets, timu nyingine ya New York, walioshindwa michezo 120 mwaka 1962. Ujanja wake wa kubadilisha wapigaji kulingana na mkono wa mrushaji ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni wachezaji aliokuwa nao.

Mwaka 1964 ndio ninaopenda kuwarejesha wenzangu. Yogi Berra alipewa timu akiwa ametoka kuvua glavu, na wengi walimwona kuwa mpole mno kwa watu waliokuwa wachezaji wenzake jana yake. Tarehe 20 Agosti, baada ya kupigwa michezo minne mfululizo na White Sox kule Chicago, mchezaji mmoja wa akiba, Phil Linz, alitoa kinanda cha mdomo ndani ya basi akaanza kupuliza wimbo wa watoto. Berra alimwamuru anyamaze. Linz, aliyekuwa kiti cha nyuma, hakusikia vizuri, na Mickey Mantle, nyota wa timu, akamwambia kwa utani kwamba meneja ameagiza apulize kwa nguvu zaidi. Berra akaja hadi pale akiwa amefura kwa hasira, na kinanda kikarushwa. Magazeti yaliandika kwamba timu imemshinda. Hata hivyo timu hiyohiyo iliwapita White Sox na kutwaa ubingwa wa American League, moja ya ligi mbili ambazo mabingwa wake hukutana katika World Series, kwa tofauti ya mchezo mmoja, ikapoteza World Series katika mchezo wa saba dhidi ya St. Louis, na kesho yake Berra akafukuzwa.

Aliyeletwa badala yake ni Johnny Keane, meneja yuleyule wa St. Louis aliyekuwa amemshinda. Ungetaka dawa iliyothibitishwa zaidi ya hiyo? Mei 1966, baada ya kushinda michezo minne tu kati ya 20, Keane naye alitimuliwa, akarudishwa Ralph Houk aliyekuwa ameshinda World Series mbili kwa timu hiyo 1961 na 1962. Yankees walimaliza mwaka wakiwa wa mwisho, na Houk alibaki hadi 1973 bila kuwafikisha tena fainali. Mantle alikuwa amechakaa magoti, mrushaji Whitey Ford amechoka bega, na vijana wa kuwarithi hawakuwapo.

Najua jibu litakalokuja: 1978. George Steinbrenner, aliyeongoza kundi lililoinunua klabu 1973, alikuwa na Billy Martin aliyegombana hadharani na mpigaji wake nyota, Reggie Jackson. Martin aliondoka Julai akitokwa machozi, akaja Bob Lemon mtaratibu, na timu iliyokuwa imeachwa na Boston kwa michezo 14 ikawafikia, ikawapita na kutwaa ubingwa wa dunia. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi, kwa sababu pale kikosi kilikuwa tayari ni cha mabingwa na kilichokosekana ni utulivu. Ila Steinbrenner alijifunza somo lisilo sahihi. Katika misimu yake 23 ya mwanzo alibadilisha meneja mara 20. Martin peke yake aliajiriwa mara tano. Dick Howser alishinda michezo 103 mwaka 1980 na bado akaondoka kwa sababu timu ilitolewa kabla ya kufika World Series, kisha akaipa Kansas City ubingwa 1985. Berra alirudishwa, akafukuzwa 1985 baada ya michezo 16, tena kwa ujumbe alioletewa na mtu mwingine, akasusia uwanja kwa miaka 14. Kuanzia 1979 hadi 1995 hakukuwa na kombe hata moja.

Tiba ilikuja Steinbrenner alipofungiwa Julai 1990 kwa kumlipa mcheza kamari ili amchafue mchezaji wake mwenyewe, Dave Winfield. Alipokuwa nje, Gene Michael alipata nafasi ya kusajili na kulea kwa subira, akaendelea nayo hata mwenye klabu aliporudi 1993. Bernie Williams hakuuzwa, na Derek Jeter, Mariano Rivera na Andy Pettitte wakakua. Joe Torre alipoletwa 1996, akiwa na rekodi ya kushindwa zaidi ya kushinda katika klabu tatu alizotoka, gazeti moja la mjini lilimkejeli kwa herufi kubwa. Alishinda World Series nne katika miaka mitano. Torre aliwatuliza watu, na hilo si dogo.

Brian Cashman ndiye anayesimamia usajili wa Yankees tangu 1998, na ndiye aliyemchagua Boone. Kwa hiyo kwa wanaotaka Boone aondoke nina swali moja: mtu mpya atakapokuja, ataletewa wachezaji na nani? Mkisema ni Cashman yuleyule, nielezeni ni kwa njia gani jambo hilo linatofautiana na lile la Keane.