Tupeane uzoefu: ulipoacha kuamini kwamba utaonana na marehemu wako

Mtoa mada (Mbeya): Wakuu, Jumamosi nilikuwa msibani Tukuyu. Mvua ile mnayoijua, udongo unateleza hadi wachimba kaburi wanashikana mikono. Mchungaji akasema tutaonana naye asubuhi ile njema, watu wakaitikia amina, mimi mdomo haukufunguka. Mwaka wa pili sasa nasoma Advaita, mafundisho ya India ya kutokuwa na uwili: kwamba huyu anayejiita "mimi" na ule Uhai mmoja si vitu viwili. Yamenituliza kwa mengi. Lakini pale kaburini nilijiona kama mwizi katikati ya wafiwa. Aliyepitia haya aseme, tusitukanane.

Mama Kijani: Mimi pia. Tangu nimzike mdogo wangu, nyimbo za kuonana ng'ambo siziimbi. Nasimama tu.

Mwana Umalila: Mada imenitonesha. Hili sijamwambia mtu.

Baba aliugua miezi mitano, saratani ya tumbo. Hospitali walisema tukamtunze nyumbani, tukamrudisha Umalila, nikawa nalala naye chumba kimoja. Wakati huo nilikuwa nimezama kwa Ramana Maharshi, mwalimu wa India wa haya haya mafundisho ya kutokuwa na uwili. Mnaomjua mnakumbuka: 1896, kijana wa miaka 16 pale Madurai, hofu ya kufa ikamvamia ghafla. Akajilaza, akakaza viungo kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukichomwa, mimi ndiyo nimekufa? Akaona kuna kisichokufa. Mwaka 1950, saratani inammaliza, wafuasi wanamlilia asiwaache, akawaambia angeenda wapi, yupo hapa. Maneno hayo nilitembea nayo kama dawa mfukoni.

Usiku mmoja baba akaniuliza, "Mwanangu, nikienda nitamkuta mama yako?"

Nikamjibu kwa uhakika wote: "Baba, uende wapi? Upo hapa hapa."

Akanitazama. Akatazama kitanda, ndoo ya kutapikia, blanketi lililolowa. Akasema, "Hapa hapa?" Akageukia ukutani. Kumbe alisikia kwamba maumivu yale ndiyo makazi yake ya milele. Nikajaribu kueleza, maneno yakagoma. Alfajiri nikaenda shamba. Niseme kweli, nilikimbia. Siku ya tatu akafariki, mimi sipo chumbani.

Mama Kijani: Pole kaka. Pole sana.

Mlinzi wa Imani: Hayo ndiyo matunda ya kuacha Neno. Ungemwambia "ndiyo baba, utamkuta", ingekugharimu nini?

Jirani wa Ngosi: Mlinzi, mwenzio ana kidonda wewe unatia ndimu. Na hilo Neno, Wamoravian wamefika nalo Rungwe 1891. Kabla ya hapo babu zetu walikuwa na abasyuka, yaani mizimu ya wahenga, na hao hawakuwa juu mbinguni. Walikuwa chini, karibu na nyumba.

Mlinzi wa Imani: Kwa hiyo turudi kwenye matambiko?

Jirani wa Ngosi: Sijasema hivyo. Soma tena.

Mtu wa Kalenga: Kamwene. Mimi Mhehe naomba kuuliza. Kama mwili ni nguo tu ya kuvua, kama mafundisho yenu yanavyosema, mbona fuvu la chifu wetu Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilidaiwa hadi likaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles 1919? Alikufa 1898, likarudi 1954. Nguo gani hiyo inangojwa miaka 56?

Msomaji wa Mwanjelwa: Mnachanganya. Advaita haisemi ukifa unakuwa sifuri. Shankara, mwalimu wake mkuu wa kale, hakukataa hata kuzaliwa upya: kwa anayejiona bado ni mtu fulani, kufa na kuzaliwa kunaendelea. Anachokanusha ni kwamba huyo mtu fulani ndiye ukweli wa mwisho. Na kwenye Chandogya Upanishad, maandiko ya kale ya India, kuna habari ya chumvi. Uddalaka alimwambia mwanawe Shvetaketu aitie kwenye maji usiku, asubuhi aitoe. Haikushikika. Akamwambia aonje juu, katikati, chini. Kote chumvi. Ndivyo ulivyo Uhai ule: hauonekani, ila uko kote. Mwana Umalila, nakuambia kwa upendo: yule mtoto alionjeshwa. Wewe mgonjwa ulimpa sentensi.

Mwana Umalila: Ni kweli.

Mtoa mada: Nenda kaburini ukamwombe radhi, kaka. Sema kwa sauti.

Jirani wa Ngosi: Asiende peke yake, aende na wazee wa ukoo.

Mlinzi wa Imani: Aje ibadani Jumapili, nauli ya bajaji juu yangu. Na nisamehe, ndugu yangu, niliandika kwa haraka.

Msomaji wa Mwanjelwa: Akae kimya, amtafute huyo anayejilaumu ni nani.

Mama Kijani: Jamani, leo asitafute mtu. Ale, alale.

Mwana Umalila: Nimesoma yote. Nimempigia shangazi, ndiye aliyekuwa naye mwishoni. Miaka minne sikuthubutu kumuuliza. Anasema habari za mama, baba hakuzirudia. Aliuliza kama viazi vya bondeni vimechimbwa kabla ya jalidi.

Mama Kijani: Mlikuwa mmechimba?

Mwana Umalila: Ndiyo kazi niliyokimbilia alfajiri ile. Magunia 14. Shangazi alimwambia.