Jiwe jeusi la Naivasha: ni madini au la?

Mwalimu_Umoja: Hamjambo wanajukwaa. Ninafundisha sayansi hapa Nairobi. Wanafunzi wangu wameleta darasani obsidiani iliyookotwa upande wa Naivasha, magadi ya kuchemshia maharagwe, na sukari. Mmoja ameshikilia kwamba obsidiani ni madini kwa sababu imetoka ardhini na inang'aa, ilhali magadi ni unga tu wa jikoni. Nitamjibuje?

Mpenda_Miamba: Mwalimu, mwanafunzi amegeuza mambo juu chini. Obsidiani ni kioo cha volkeno: lava yenye silika nyingi ilipoa upesi mno hata atomi zake zikaganda ovyo kabla ya kujipanga, na bila mpangilio wa atomi unaojirudia, yaani fuwele, kitu hakihesabiwi kuwa madini, hata kiwe kimetoka ardhini. Magadi yanayovunwa Ziwa Magadi, kwa upande wake, ni trona, yabisi iliyojiunda kiasili, yenye fuwele na fomula inayojulikana, Na₃(CO₃)(HCO₃)·2H₂O. Kwamba huyeyuka majini hakuiondolei sifa ya kuwa madini. Sukari ina fuwele safi kabisa, ila ni zao la muwa na kiwanda.

Fundi_Vito: Naongezea kwamba macho hudanganya. Wengi husema kioo hutambulika kwa jinsi kinavyovunjika kwa mikunjo kama ya kombe, lakini kwatzi, ambayo ni madini halali, nayo huvunjika hivyo hivyo. Wengine hutegemea hadubini ya vichujio viwili vya mwanga, ambamo kioo hubaki cheusi. Lakini kito chetu cha Taita Taveta, tsavorite, ambacho ni madini ya jamii ya garneti, hubaki cheusi pia. Kukwaruza nako hukusaidia kujua ni madini gani, si kama ni madini. Penye shaka ya kweli, kipimo cha eksirei ndicho huonyesha mpangilio wa atomi.

Mwalimu_Umoja: Nashukuru. Na barafu, je?

Mpenda_Miamba: Ile ya kilele cha Mlima Kenya ni madini, kwa kuwa imeganda yenyewe na ina fuwele, ya friji yako si madini, kwa sababu imetengenezwa na mtu, ingawa kwa muundo huwezi kuzitofautisha. Wakikubana kuhusu zebaki, waambie ukweli: ni kimiminika, lakini Chama cha Kimataifa cha Madini kinaikubali ikipatikana kiasili. Hapo kanuni ya kwamba madini ni yabisi imelegezwa.