Pemba hadi Mafia kwa ndege: niache saa ngapi katikati?

Wakuu, salaam. Mwezi ujao nina harusi ya binamu yangu Kilindoni, nami niko Chake Chake. Nimepima kwenye ramani, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 295. Vile vindege vya Caravan vinakwenda karibu kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo ingekuwa saa moja tu angani. Tatizo sijapata cha moja kwa moja. Kila nikitafuta napitishwa Unguja, kisha Dar, na siku nzima imekwisha.

Mara ya mwisho nilijipa dakika 50 za kubadilisha ndege Dar. Ya kwanza ikachelewa. Nafika dirishani, yule dada ananionyesha kwa kalamu ndege yangu ikipaa. Tiketi ikaungua hivyo hivyo.

Waliozoea njia hii, niache saa ngapi? Au nilale Dar, alfajiri niende Nyamisati nikapande boti? Bahari siiogopi, ila kusi ndiyo inanitia wasiwasi. Na mzigo je? Kilo 15 hazinitoshi, nina vikapu vya halua ya Wete, na shangazi ameshasema nisifike mikono mitupu.