Jina la babu mdogo halimo katika faharasa ya sensa ya Marekani: nisomeje kurasa zenyewe?

Mjukuu wa Pumwani

Salaam kwenu nyote. Naandika kutoka Nairobi kwa niaba ya ukoo wetu. Mdogo wake babu mzaa baba aliondoka Mombasa akiwa baharia kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akateremka New York, na hakurudi tena. Kwetu kilichobaki ni bahasha moja ambayo shangazi ameihifadhi pamoja na vyeti vya familia. Barua iliyokuwamo imeliwa na mchwa, lakini nyuma ya bahasha pamesalia nambari ya nyumba pamoja na maneno Atlantic Avenue, Brooklyn, na muhuri wa posta ni wa mwaka 1949.

Ninafahamu kwamba huko majina ya sensa hufungwa kwa miaka 72, na kwamba sensa ya 1940 ilifunguliwa kwa umma tarehe 2 Aprili 2012, ile ya 1950 ikafuata tarehe 1 Aprili 2022. Nimeliandika jina lake kwa kila tahajia niliyoweza kuifikiria, lakini hakuna kilichojitokeza. Picha za kurasa zipo na kuzitazama ni bure, ila mwaka 1950 Brooklyn peke yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.7, na sioni pa kuanzia. Je, kuna utaratibu wa kusoma kurasa hizi bila kutegemea faharasa? Na hapa Nairobi, kuna kumbukumbu yoyote inayoweza kunisaidia? Shangazi amekwisha kuwa mtu mzima sana, na anachotaka kujua ni kama mzee huyo alioa na kama aliacha watoto.

Mpekuzi wa Nyaraka

Ndugu yangu, mfikishie shangazi salamu zangu. Njia ipo, mradi kwa sasa uache kumtafuta kwa jina. Sensa ya Marekani ilipangwa kwa mahali. Kila mji uligawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia, kila eneo likapewa nambari na karani wake, na katika miji ukubwa wa eneo ulikadiriwa ili karani aweze kulimaliza kwa muda wa wiki mbili hivi. Picha unazoziona mtandaoni zimefuata mgawanyo huohuo. Kwa hiyo mwenye anwani hana haja ya kusoma Brooklyn nzima. Anasoma eneo moja au mawili, ambayo kwa kawaida ni makumi machache ya kurasa. Sensa ya 1940 ilipofunguliwa haikuwa na faharasa ya majina hata kidogo, na watu waliwapata jamaa zao kwa njia hii tangu siku ya kwanza, kabla wajitolea hawajakamilisha faharasa baadaye mwaka huohuo. Ile ya 1950 ilifunguliwa ikiwa na faharasa iliyoandaliwa na kompyuta iliyofundishwa kusoma mwandiko wa mkono, na kompyuta hiyo hukosea hasa majina ambayo karani mwenyewe aliyaandika kwa kubahatisha. Jina la Mswahili wa Mombasa ni mojawapo ya hayo.

Ili kupata nambari ya eneo, tumia tovuti ya Stephen Morse, mhandisi aliyebuni kichakata cha Intel 8086, ambaye kwa miaka mingi ameshirikiana na Joel Weintraub kutengeneza zana za kazi hii, nao wanazitoa bila malipo. Unachagua mwaka, jimbo, mji na mtaa, kisha unaongeza barabara zinazokatana na mtaa huo karibu na nyumba unayoitafuta. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke. Atlantic Avenue ni barabara ndefu sana inayopita katika maeneo mengi, na ukiandika jina lake pekee utapewa orodha ndefu isiyokufaa. Tafuta nambari ya nyumba kwenye ramani ya leo, angalia iko kati ya barabara zipi, kisha zilinganishe na ramani za maeneo ya kuhesabia ambazo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani imeziweka mtandaoni, kwa sababu nambari za nyumba huweza kubadilika majengo yanapobomolewa. Kumbuka pia kwamba mpaka wa eneo mara nyingi hupita katikati ya barabara, hivyo nyumba zinazotazamana zinaweza kuwa katika maeneo mawili tofauti, na nambari shufwa na witiri zikawa kwa makarani wawili. Nambari za maeneo ya Brooklyn katika sensa ya 1940 huanza na 24. Usitumie nambari ya 1940 kutafuta katika 1950, kwani maeneo yalipangwa upya. Tovuti hiyohiyo ina zana ya kulinganisha miaka hiyo miwili.

Ukifungua kurasa, usianze na majina. Jina la mtaa limeandikwa pembeni kushoto, kwa kusimama, na karibu yake kuna safu ya nambari za nyumba. Shuka na safu hiyo hadi ufike kwenye nyumba yako. Ukurasa wa 1940 una mistari 40, wa 1950 una mistari 30, na karani alizunguka mtaa kwa mtaa, kwa hiyo nyumba moja inaweza kuanza mwisho wa ukurasa na kuendelea unaofuata. Nambari ikikosekana mahali pake, usikate tamaa. Katika sensa ya 1940, watu ambao hawakupatikana karani alipopita mara ya kwanza waliandikwa kuanzia ukurasa wa 61, na wasafiri waliolala katika hoteli na nyumba za kulala wageni kuanzia ukurasa wa 81. Katika ile ya 1950, waliorudiwa baadaye wapo kuanzia ukurasa wa 71. Kurasa hizo huja mwishoni kabisa mwa eneo, baada ya pengo kubwa la nambari, na wengi hufunga picha wakidhani wamemaliza. Kwa baharia asiye na mke, mimi ningezitazama hizo kwa makini kuliko zote.

Mama wa Ngara

Nakubaliana na maelezo hayo, nami naongeza mambo ambayo huwaponyoka watu wenye asili ya huku kwetu.

Kwanza, usitarajie kumwona akiwa mkuu wa kaya. Baharia aliyekuwa peke yake mjini kwa kawaida alipanga chumba katika nyumba ya mtu, na karani alimwandika chini kabisa, baada ya mwenye nyumba, mkewe na watoto wao, kwa uhusiano wa mpangaji. Soma kila kaya hadi mstari wa mwisho. Tazama pia nani alitoa maelezo: katika sensa ya 1940 karani alitakiwa kuweka alama ya X ndani ya duara baada ya jina la mtu aliyejibu maswali. Ukiona alama hiyo iko kwa mama mwenye nyumba, basi umri, jina na mahali alipozaliwa mpangaji vyote ni kwa kadiri mama huyo alivyojua. Mahali pa kuzaliwa panaweza kuwa pameandikwa Zanzibar, British East Africa, au Africa basi. Jina la ukoo usilitegemee kabisa, maana desturi yetu ya mtu kufuatisha jina la baba na la babu iliwatatiza makarani, na jina lolote kati ya hayo matatu lingeweza kuwekwa mahali pa jina la familia.

Pili, na hapa natofautiana kidogo na ndugu aliyetangulia, mimi nisingeanza na sensa. Ningeanza na kadi za uandikishaji wa jeshi. Tarehe 16 Oktoba 1940 wanaume wote wenye umri wa miaka 21 hadi 35 waliokuwa Marekani walitakiwa kujiandikisha, raia na wageni pia, na Aprili 1942 ikafika zamu ya wale wa miaka 45 hadi 64. Kadi hizo zina faharasa nzuri zaidi, na mtu alijieleza mwenyewe: tarehe na mahali alipozaliwa, anwani, mwajiri, na jina la mtu ambaye angejua anapopatikana wakati wote. Mtu huyo wa mwisho mara nyingi ni mke au jamaa, na hilo ndilo shangazi analolitafuta. Kadi ina sahihi yake, mnaweza kuilinganisha na mwandiko mlio nao. Na usisahau orodha za mabaharia wa meli zilizoingia bandari ya New York, ambazo zimehifadhiwa hadi mwaka 1957 na zinapatikana katika FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za nasaba, kwa akaunti ya bure.

Tatu, katika sensa ya 1940 tazama safu ya 16, inayohusu uraia wa mtu aliyezaliwa nje. Kifupi "Na" maana yake alikwisha kupata uraia, "Pa" alikuwa ametoa ombi la kwanza, "Al" alikuwa bado mgeni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1870 iliwaruhusu watu waliozaliwa Afrika kuomba uraia, kwa hiyo hilo si jambo la kulipuuza: faili la ombi la uraia hutaja mke na watoto kwa majina na tarehe zao za kuzaliwa.

Mkaazi wa Eastleigh

Kuhusu Nairobi, nakushauri usitumie muda wako kutafuta sensa yetu kwa majina. Sensa ya 1948 ndiyo ya kwanza kuwahesabu Waafrika nchini kote. Zile za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahusu Wazungu, Waasia na wengine wasio Waafrika, huku idadi ya Waafrika ikikadiriwa. Kilichochapishwa ni jumla, na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inalinda taarifa za mtu binafsi.

Hata hivyo, Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la Bank of India, yana ripoti za mwaka za wilaya za enzi ya ukoloni. Za pwani zitakusaidia kuelewa mji aliouacha, ingawa sitarajii zimtaje yeye. La maana zaidi ni gazeti rasmi la serikali, linalotolewa tangu 1899. Matoleo ya zamani yamewekwa mtandaoni na yanatafutika kwa maneno, na matangazo ya mirathi yaliyomo hutaja marehemu na mwombaji. Kama babu zako waliacha nyumba au shamba Mombasa, warithi wanaweza kuwa wametajwa humo, naye akiwamo.

Jambo jingine: kama alikuwa Muislamu, Sheikh Daoud Ahmed Faisal alianzisha jumuiya ya Waislamu huko Brooklyn mwaka 1939, na msikiti wao wa State Street, mtaa ulio jirani kabisa na Atlantic Avenue, ulipokea mabaharia wa nchi nyingi.

Mjukuu wa Pumwani

Nawashukuru sana, wazee wangu. Zana ya Morse imenipa maeneo mawili kwa 1950, moja kwa kila upande wa barabara, na nambari ya nyumba yetu ni shufwa. Katika ukurasa wa 71 yupo mpangaji mwanamume aliyezaliwa Africa, umri unakaribiana, kazi yake ni ya melini, lakini jina la kwanza limefifia na la pili linasomeka nusu tu. Kadi ya jeshi sijaipata bado. Nichukue kwamba ndiye?

Mpekuzi wa Nyaraka

Bado. Pakua picha nzima ya ukurasa, uandike kando nambari ya eneo, ukurasa na mstari, kisha nenda katika sensa ya 1940 ukamtafute mtu mwenye umri pungufu kwa miaka kumi. Huko safu ya 17 hadi 20 zinaeleza mtu aliishi wapi tarehe 1 Aprili 1935. Ikiwa wakati huo babu yenu alikuwa bado Mombasa na huyu ameandikwa alikuwa Brooklyn, si yeye. Jina lake lisome kwa kulinganisha herufi na maneno mengine ya karani huyohuyo katika ukurasa uleule, hasa majina ya mitaa unayoyajua. Kadi ya jeshi itafute pia kwa anwani ya mwenye nyumba wake. Mkithibitisha kwamba ni yeye, ingia FamilySearch usahihishe jina katika faharasa, kwa sababu ikiwa ana wajukuu Brooklyn, nao wanaandika jina katika kisanduku kilekile na hawapati kitu.