Kueleza ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa hadithi

Swali (Jinja): Ndugu zangu, wazee wetu wanapopoteza kumbukumbu, majirani wengine husema wamerogwa. Je, hadithi ya redioni inaweza kuwaelewesha watu?

Jibu (Gulu): Inaweza sana, ndugu, ikimfuata bibi anayekumbuka harusi yake lakini hakumbuki chai ya asubuhi, kwa kuwa ugonjwa wa Alzheimer, ambao daktari Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, mara nyingi huathiri mapema hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuhifadhi mambo mapya, huku ya zamani yakidumu kwa muda.

Jibu (Mbale): Nakubali, ila mgonjwa asifanywe kichekesho. Tena mhusika mmoja apimwe shinikizo la damu, kwani likiwa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya ubongo.