Mrejesho: sweta limeisha jamani!

Wapendwa ni mimi niliyeuliza nifanyeje nimalize kufuma, maana nilikuwa na kazi 6 zote nimeziachia njiani. Basi nilifuata ule ushauri wa kufuma mikono yote miwili ya sweta kwa pamoja kwenye sindano moja ndefu ya mzunguko (ile yenye ncha mbili zilizounganishwa na waya laini), kila mkono na donge lake la uzi, aisee umenisaidia sana kwa sababu mimi nikimaliza mkono mmoja tu hamu inakata kabisa. Kati ya zile kazi 6, mbili nimezifumua, uzi ulijikunja kama springi nikauloweka maji ya vuguvugu ukanyooka. Shali bado imekwama, sikumbuki nilitumia sindano saizi gani, siku hizi naandika kikaratasi nakifunga kwenye uzi. Asanteni mno, sweta nimelivaa leo!