Mjadala: Nyumba zetu Mombasa ni tanuri. Tatizo ni bei kweli?

Wanajamvi, salaam aleikum. Kila tukitaja ujenzi unaojali mazingira, jibu ni lile lile: ghali. Mimi sikubali. Wazee wa Mji wa Kale walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, ua katikati, madirisha yakipokea kaskazi na kusi. (Boriti zao za mikoko tuziache, mikoko tuna haja nayo baharini.) Leo fleti za Nyali na Kisauni zimebanana ukuta kwa ukuta, na yale madirisha ya kusukuma hufunguka nusu tu. Mpangaji hana budi kununua eisi ya kupoza hewa.

Chanzo ni kwamba anayejenga siye anayenunua tokeni za umeme. Akijenga kivuli juu ya dirisha, gharama ni yake, nafuu ni ya mpangaji. Kwa hivyo napendekeza kaunti isipitishe ramani ya fleti isiyoonyesha upepo unaingilia wapi na kutokea wapi, na maji ya mvua ya paa yanakwenda tangi gani.

Mama mwenye nyumba, Likoni: Mwanangu, kupitisha ramani tayari kunanila pesa na miezi, nawe waniongezea? Mimi hujenga ghorofa ya juu kwa kodi ya ghorofa ya chini. Benki haijaniuliza upepo hata siku moja, huuliza hati ya ploti. Na mpangaji huuliza mawili: kodi ngapi, na maji yapo?

Fundi, Kongowea: Kuhusu benki mama amesema kweli. Lakini kuielekeza nyumba kwenye upepo hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji, mradi niitwe kabla msingi haujachimbwa. Huniita ukishachimbwa. Matofali ya udongo ya kushikamana, yale yasiyochomwa, nayo nayaweza, ila mteja huona ni nyumba ya maskini. Mmoja alikubali kwa sharti tupige plasta nje, majirani wasijue.

Mwanzisha mada: Mama, hoja yako ya benki ni nzito kuliko yangu, nimeipokea. Pesa za kijani zipo: mwaka 2019 kampuni ya ujenzi ya Acorn ilikusanya takriban shilingi bilioni 4.3 kwa hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira), ya kwanza Kenya, ijenge hosteli za wanafunzi Nairobi. Lakini hiyo ni kampuni kubwa, inayoweza kutafuta cheti cha EDGE, cha majengo yanayojali mazingira, kinachotaka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya kaboni iliyotoka katika kutengeneza vifaa vyake, likilinganishwa na jengo la kawaida. Mwenye ploti moja Likoni atakipatia wapi? Hapa sacco ziingie: ziwakusanye wenye ploti kumi au ishirini, mkaguzi mmoja, mkopo mmoja, gharama ya cheti wagawane.

La upepo kwenye ramani silitoi, mama. Fundi ameshasema haliongezi gharama.